Kutumia utafiti kwenye zamu ya dharura: mwongozo kwa matabibu wa Mtwara na Lindi

Mwongozo huu ni wa wenzangu wanaoshika zamu za dharura huku kusini: tabibu aliye peke yake usiku kwenye kituo cha afya, daktari wa hospitali ya wilaya Liwale au Nanyumbu, muuguzi wa hospitali ya mkoa ya Ligula au Sokoine anayempokea mgonjwa kabla ya mtu mwingine yeyote. Unaeleza namna ya kuyachukua matokeo ya utafiti yakusaidie kuamua, hali mgonjwa yuko mbele yako na muda ni mdogo.

Kabla ya hatua zenyewe, nieleze kwa nini nimeshikilia jambo hili. Mwaka 2011 yalitoka matokeo ya utafiti uitwao FEAST, uliofanyika Uganda, Kenya na Tanzania. Kwa upande wetu, hospitali iliyoshiriki ni ya Teule, Muheza. Watoto zaidi ya 3,100 wenye homa kali na dalili za damu kutozunguka vizuri waligawanywa kwa bahati nasibu. Wengine walipewa maji ya mshipa kwa kasi, ama salini (maji ya chumvi) ama albumini (protini ya damu). Wengine hawakupewa maji ya kasi. Miongozo mingi ya wakati ule ilisema maji ya kasi ndiyo yanayookoa. Ndani ya saa 48, kati ya kila watoto 100 waliopewa maji ya kasi walifariki kama 10 na nusu, na kati ya kila 100 ambao hawakupewa walifariki 7 na kidogo.

Lakini kuna takwimu nyingine ndani ya utafiti huohuo ambayo kila mtu wa dharura anapaswa kuijua. Saa moja baada ya matibabu kuanza, dalili za mshtuko, yaani damu kutozunguka vizuri, zilikuwa zimeondoka kwa asilimia 43 ya waliopewa maji ya kasi, na kwa asilimia 32 tu ya wasiopewa. Maana yake, aliyesimama kando ya kitanda aliona mtoto anapata nafuu. Mikono ilipata joto, mapigo yakajaa. Kisha baadaye, pengine zamu imeshabadilishana, mtoto akafariki. Tofauti ya watoto watatu kwa mia haionekani kwa macho ya mtu mmoja, hata awe amefanya kazi miaka thelathini. Ilibidi wahesabiwe watoto elfu tatu ndipo ionekane.

Hatua ya 1: Mgonjwa kwanza, simu baadaye

Njia ya hewa, kupumua, mzunguko wa damu, fahamu, sukari. Mtoto anayedegedega hasubiri usome makala. Kazi kubwa ya kutafuta ushahidi hufanyika mchana, kwenye utulivu, kwa ajili ya mgonjwa atakayekuja wiki ijayo. Usiku unatumia kile ulichokiandaa.

Hatua ya 2: Geuza wasiwasi wako kuwa swali lenye sehemu nne

Sehemu hizo ni mgonjwa, tiba, mbadala wake na tokeo unalolijali. Swali lisipokuwa na sehemu hizi litakupa jibu la mtu mwingine.

Chukua traneksamiki, dawa ya kuzuia kuvuja damu, ambayo sasa hospitali nyingi zinayo. Ukiuliza, “Je, inasaidia kwa mtu anayetoka damu?” hutapata jibu la kukufaa, kwa sababu majibu yapo mengi na yanapingana. Uliza hivi: kwa mtu mzima aliyeumia kwenye ajali ya bodaboda, anayevuja damu nyingi, dawa hii ikilinganishwa na kutompa inapunguza kifo? Swali hilo lilijibiwa na utafiti wa CRASH-2 mwaka 2010, wenye wagonjwa zaidi ya 20,000 katika nchi 40. Vifo vilikuwa asilimia 14.5 kwa waliopewa dawa na 16.0 kwa wasiopewa. Dozi ni gramu 1 kwa dakika 10, kisha gramu 1 nyingine kwa saa 8.

Sasa badilisha mgonjwa. Mama anayevuja damu baada ya kujifungua: utafiti wa WOMAN wa 2017, uliohusisha wanawake zaidi ya 20,000, ulionyesha vifo vitokanavyo na kuvuja damu vinapungua, hasa dawa ikitolewa mapema. Mtu anayetapika damu au anayetoka choo cheusi: utafiti wa HALT-IT wa 2020, wagonjwa 12,009, haukuona vifo vikipungua, na uliona damu kuganda kwenye mishipa ya vena na degedege vikiongezeka. Dawa ni ileile na damu ni damu, lakini majibu ni tofauti. Anayempa mgonjwa wa tumbo traneksamiki kwa kuwa “inazuia damu” ameruka sehemu ya kwanza ya swali.

Kuna sehemu ya tano ambayo huku kwetu ningeiongeza: muda. Takwimu za CRASH-2 zilipochambuliwa tena, waliopata dawa ndani ya saa moja tangu waumie ndio walionufaika zaidi. Waliopewa baada ya saa tatu kupita, vifo vya kuvuja damu viliongezeka, 4.4 dhidi ya 3.1 kwa kila mia. Hebu fikiria majeruhi wa Nanyumbu anayesubiri gari la wagonjwa, anapelekwa Masasi, kisha anapewa rufaa ya Mtwara mjini. Muda wake unaishia barabarani. Hivyo dawa hii itolewe pale anapofikia kwanza, na barua ya rufaa iandikwe wazi saa aliyoumia na saa aliyochomwa. Barua nyingi hazina saa ya kuumia, na anayempokea mgonjwa hawezi kujua kama dawa hiyo bado inafaa au imeshageuka kuwa hatari.

Hatua ya 3: Tafuta kwa mpangilio, usianze na makala mojamoja

Anza na Mwongozo wa Taifa wa Matibabu pamoja na Orodha ya Taifa ya Dawa Muhimu, toleo la 2021. Upakue wote kwenye simu ukiwa mahali penye mtandao mzuri, maana unaweza kuhitajika mahali ambapo hata ujumbe mfupi hautoki. Pili, miongozo ya Shirika la Afya Duniani, hasa ya watoto mahututi na ya malaria. Tatu, mapitio yanayokusanya tafiti zote za swali moja, kama yale ya Cochrane. Nne ndiyo utafiti mmoja mmoja, kupitia PubMed, hazina ya mtandaoni ya makala za tiba ambayo kuitafuta hakuna malipo.

Makala iliyofungwa kwa malipo isikukatishe tamaa. Kuna mpango wa Hinari ulioanzishwa mwaka 2002, ambao kupitia kwake taasisi za Tanzania husoma majarida mengi ya tiba bure. Muulize mganga mkuu au msimamizi wa maktaba ya chuo cha afya kilicho karibu kama taasisi imesajiliwa. Jarida la Afrika la tiba ya dharura nalo ni la bure, na linaandikwa na watu wanaofanya kazi kwenye mazingira kama yetu. Napenda kulitaja kwa sababu vijana wengi hudhani ushahidi wote hutoka Marekani na Uingereza.

Hatua ya 4: Soma mbinu kabla ya hitimisho

Hapa uwe mkali. Je, wagonjwa waligawanywa kwa bahati nasibu, au daktari alichagua nani apewe dawa? Waliopotea kabla ya kuhesabiwa ni wangapi? Kilichopimwa ni kifo na ulemavu, au ni namba tu kwenye mashine? Umeshaona kwenye FEAST jinsi dalili za saa moja zilivyodanganya.

Angalia pia ukubwa, na kama kuna mwingine aliyerudia. Mwaka 2001, utafiti wa hospitali moja mjini Detroit, wagonjwa 263, ulionyesha kwamba kuwafuatilia wagonjwa wa sepsisi (maambukizi makali yanayodhuru viungo vya mwili) kwa malengo maalumu saa sita za mwanzo kunapunguza sana vifo: asilimia 30.5 dhidi ya 46.5. Dunia nzima ikaufuata. Mwaka 2014 na 2015 zikaja tafiti tatu kubwa zaidi, na hakuna hata moja iliyoiona faida hiyo. Usibadilishe utaratibu wa kitengo kizima kwa sababu ya karatasi moja, hasa ikiwa tiba ni ghali au ina hatari.

Lakini utafiti mdogo usiutupe bila kuusoma. Nitakuja kwenye mfano wa sumu ya viuatilifu hapo chini.

Hatua ya 5: Geuza asilimia kuwa watu

Ukisikia “inapunguza vifo kwa asilimia 22” usishangilie bado. Uliza: kutoka wangapi hadi wangapi? Utafiti wa AQUAMAT wa mwaka 2010, watoto 5,425 wenye malaria kali katika nchi 9 za Afrika, Tanzania ikiwemo, ulilinganisha dawa mbili za malaria, atesuneti na kwinini. Waliofariki walikuwa asilimia 8.5 kwa atesuneti na 10.9 kwa kwinini. Toa: 2.4 kwa mia. Gawanya 100 kwa 2.4, unapata kama 42. Ukiwatibu watoto 42 kwa atesuneti badala ya kwinini, umeokoa mmoja zaidi.

Hesabu hiyo inamfaa mfamasia na mganga mfawidhi pia. Ukienda kwenye kikao cha oda ya dawa na kusema “hospitali ilipokea watoto kadhaa wa malaria kali msimu wa mvua, na kila 42 tunaowapa kwinini badala ya atesuneti tunapoteza mmoja zaidi,” unasikilizwa kuliko ukisema dawa hii ni nzuri.

Hatua ya 6: Linganisha mgonjwa wako na wao, hospitali yako na yao

Hii ndiyo hatua inayorukwa kuliko zote, na ndiyo yenye uhai na kifo ndani yake.

Tuchukue mtoto wa miaka mitatu kutoka Tandahimba. Homa ya siku nne, kipimo cha malaria kinaonyesha maambukizi, viganja vyeupe, mikono ya baridi, anapumua kwa shida. Je, FEAST inamhusu? Ndiyo. Zaidi ya nusu ya watoto wa utafiti ule walikuwa na malaria, na hospitali zao hazikuwa na mashine za kupumulia, kama nyingi za kwetu. Kwa hiyo maji ya kasi si ya kukimbilia. Miongozo ya Shirika la Afya Duniani ya 2016 inasema mtoto ahesabiwe kuwa na mshtuko pale tu anapokuwa na dalili zote kwa pamoja: mikono na miguu ya baridi, ukibonyeza kidole rangi inachukua zaidi ya sekunde 3 kurudi, na mapigo dhaifu yanayokwenda mbio. Hapo apewe mililita 10 hadi 20 kwa kilo, kwa dakika 30 hadi 60, huku unamwangalia. Na ikiwa ana mshtuko na damu yake iko chini ya gramu 5 kwa desilita, anachohitaji mapema iwezekanavyo ni damu; maji mengine yawe ya kukidhi mahitaji ya kawaida tu. Atesuneti ianze wakati huohuo: miligramu 3 kwa kilo kwa mtoto aliye chini ya kilo 20, 2.4 kwa mwenye uzito zaidi ya hapo.

Sasa kitanda cha pili kuna mtoto wa umri uleule, ameharisha na kutapika tangu jana, macho yameingia ndani, ngozi ukiifinya hairudi. Huyu FEAST haimhusu hata kidogo. Watoto wa kuhara waliondolewa kwenye utafiti, pamoja na wa majeraha ya moto, wa upasuaji na wenye utapiamlo mkali. Yeye amepoteza maji na anayahitaji, kwa mpango wa kutibu upungufu wa maji. Nasisitiza hili kwa sababu somo likisikika nusu hufanya madhara: kuna waliosikia “maji yanaua” wakaogopa kumtundikia mtoto wa kipindupindu. Soma orodha ya waliotolewa kwenye utafiti kwa makini uleule unaosoma waliomo.

Kwa watu wazima ushahidi ulio karibu nasi unatoka Lusaka. Utafiti uliochapishwa 2017 uliwachukua watu wazima wenye sepsisi na presha ya chini, wengi wao wakiwa na Virusi vya Ukimwi. Kundi lililofuata utaratibu wa maji mengi mapema na dawa za kupandisha presha lilipoteza asilimia 48.1, na lililopata huduma ya kawaida asilimia 33.0. Miongozo ya nchi zenye vyumba vya uangalizi maalumu kila wilaya ingekuambia umwage maji. Kwa mgonjwa wako aliyekonda, mwenye kifua kikuu, ambaye akilemewa na maji mapafuni huna mashine ya kumpumulia, toa kidogo kidogo, sikiliza mapafu, hesabu upumuaji, kisha uamue tena. Antibayotiki isichelewe.

Halafu kuna sumu. Msimu wa kupulizia mikorosho unapofika, viuatilifu vipo kila nyumba kuanzia Newala hadi Nachingwea, na watu huletwa, wengine kwa bahati mbaya, wengine kwa kudhamiria. Kwanza ndugu walete chupa au mfuko. Unga wa salfa si sawa na dawa ya maji ya kuua wadudu, na tiba yake si hiyohiyo. Ukikuta mboni ndogo kama ncha ya sindano, mate yanatiririka, jasho, mapafu yamejaa majimaji, fikiria dawa za jamii ya oganofosfeti, na usisubiri maabara.

Mkaa wa kunywesha, unaotolewa ili unyonye sumu tumboni, umejaribiwa vizuri Sri Lanka, kwenye hospitali zinazopokea wagonjwa wa vijijini, wagonjwa zaidi ya 4,600, wengi wakiwa wamekunywa viuatilifu na wengi wakifika baada ya saa kadhaa. Matokeo yalitoka mwaka 2008: waliopewa mkaa mara nyingi, mara moja, na wasiopewa kabisa, vifo havikutofautiana. Kwa hiyo mgonjwa aliyetoka kijijini na amechelewa njiani, usimhangaikie na mpira wa tumboni wakati mapafu yanazama. Kilicho muhimu ni atropini, dawa ya sindano inayokausha majimaji hayo. Utafiti mdogo wa Bangladesh, wagonjwa 156, ulilinganisha utoaji wa kawaida na ule wa kuongeza dozi maradufu kila baada ya dakika chache hadi mapafu yakauke, kisha kuendelea kwa dripu. Vifo vilikuwa asilimia 22.5 kwa njia ya kawaida na 8 kwa njia ya pili. Ni hospitali moja, na watu wachache. Hata hivyo dawa ni ya bei nafuu, ipo kwenye kabati, na sababu ya kufanya kazi kwake inaeleweka. Kwa tiba ya namna hii sioni haja ya kusubiri utafiti wa watu elfu kumi. Kinachohitajika ni kuhesabu vichupa vya atropini kabla msimu haujaanza, maana mgonjwa mmoja anaweza kumaliza akiba ya wiki.

Hatua ya 7: Waeleze ndugu, kwa sababu wao wanasubiri dripu

Kwa wazazi wengi, dripu ndiyo alama kwamba mtoto anatibiwa. Bibi atauliza, “Daktari, mbona mjukuu wangu hajatundikiwa maji?” Ukimjibu kwa mkato, ataondoka akiamini mmemtelekeza, na pengine usiku huohuo watamchukua mtoto.

Kaa naye. Mwambie: “Bibi, shikamoo. Mtoto ana malaria imekula damu yake. Maji mengi kwa haraka yanaweza kumzidishia. Dawa ya malaria tumeshamchoma. Anachohitaji sasa ni damu, na nawaomba ndugu wawili watatu waje wachangie kurudisha ile tutakayotumia.” Maneno hayo hayachukui hata dakika mbili. Yanasema kinachofanyika, kwa nini, na wao wafanye nini. Usimtajie asilimia isipokuwa akiuliza. Akiuliza, mwambie kwa idadi ya watoto.

Na mgonjwa mwenyewe akiwa na fahamu, muulize yeye. Rufaa ya kwenda Hospitali ya Kanda ya Kusini au Dar es Salaam ina gharama ambazo karatasi ya utafiti haizijui: nani atalala naye, nani atabaki na watoto, korosho ziko shambani. Hayo nayo yanaingia kwenye uamuzi.

Hatua ya 8: Andika, bandika, hesabu

Kwenye faili andika sababu, si agizo peke yake: “Hakupewa maji ya kasi: homa, malaria, damu 4.1, hana dalili zote za mshtuko. Damu imeombwa saa 4:20 usiku.” Anayeingia zamu ya asubuhi asipoiona sababu hiyo, ataona mtoto dhaifu asiye na dripu naye ataifungulia kwa nia njema.

Kwa kila swali mlilolimaliza, tengenezeni karatasi moja ya ukutani kwa Kiswahili. Iwe na mgonjwa anayehusika, asiyehusika, dozi, na lini umpigie simu daktari mwandamizi. Isizidi ukurasa. Ijadiliwe kwenye ripoti ya asubuhi wauguzi wakiwepo, kwa kuwa wao ndio wanaofungua na kufunga ile kasi ya maji. Ikipingana na mwongozo wa taifa, mwongozo wa taifa ndio unaofuatwa hadi uongozi wa tiba wa hospitali uamue.

Kisha chukua daftari la kawaida, ligawe kwa mistari: tarehe, umri, tatizo, saa ya kufika, tulichofanya, hali yake baada ya saa 48. Jina halihitajiki, namba ya faili inatosha. Mstari huo wa saa 48 ndio mgumu, kwa sababu mgonjwa ameshahamia wodini au amepewa rufaa. Mpeni mtu mmoja kila wiki kazi ya kupita wodini na kupiga simu Ligula, Ndanda au Nyangao kuulizia waliopelekwa. Mkitaka kuyachapisha mnayoyaona, ombeni kibali cha maadili ya utafiti kabla ya kuanza kukusanya. Eneo hili limewahi kuifundisha dunia: chikungunya ilielezwa kitaalamu kwa mara ya kwanza kutokana na mlipuko wa 1952 na 1953 kwenye uwanda wa Makonde, kwa sababu kuna waliowaangalia wagonjwa kwa makini wakaandika walichokiona.

Pale chini ya karatasi ya ukutani, andikeni tarehe mliyoipitisha na tarehe ya kuipitia upya, isizidi mwaka mmoja, pamoja na cheo cha mwenye jukumu la kuipitia. Mwongozo wa taifa ukitoka toleo jipya kabla ya tarehe hiyo, ishusheni siku hiyohiyo na muanze tena kutoka hatua ya 3.